Pasi Chini ya Wayo

Kama umeanza kusimama njiani kumwamkia mtu usiyemjua vizuri, si kwa adabu bali ili mguu upate kupumzika, maandishi haya ni yako. Mimi nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Nilikuwa dobi hapa Chumbageni, na nguo zikishanyooka nilizipeleka mwenyewe kwa wenyewe, kwa miguu, furushi begani. Nikipita nyumba nane au tisa, shavu la mguu wa kulia lilikaza kama mtu amelishika kwa mkono na kulikamua. Nikisimama, maumivu yanaondoka. Nikitembea tena, yananingoja nyumba ya tisa. Basi nikawa nasimama na kuuliza habari za wazee, za watoto, za mvua.

"Dobi, siku hizi umekuwa mtu wa watu," aliniambia Bwana Gulamali, Mhindi mwenye duka la vyombo ambaye nilimfulia kanzu zake tangu ujana wetu. "Zamani ulikuwa wapita kama una kesi. Sasa wauliza mpaka habari za paka wangu."

Nikacheka naye. Laiti siku ile ningemwambia kuwa mguu unaniuma, maana alikuwa mtu wa kusikiliza. Lakini dobi anayeumwa mguu ni dobi ambaye nguo zitachelewa, na mimi sikutaka neno hilo litembee mjini. Nilikuwa na kiburi. Nakisema mapema ili msomaji asidhani baadaye kwamba nilionewa.

Ninaandika sasa kwa kuwa makali ya ugonjwa yamepita. Sisemi yamepita vizuri. Sitaeleza mambo ya kidaktari ila machache niliyoelezwa, maana sikuyasoma. Nitaeleza nilivyopoteza miguu yangu, mmoja kwa moto na wa pili kwa kunyamaza.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni haikuwapo, na mtu anayeishi kwa sabuni aliisikia dhiki ile kwenye mifupa. Mke wangu Mwanakombo, mtu wa Kigombe, alifulia kwa majani ya mpapai na maji ya majivu, na nguo zilitakata, Mungu ni shahidi. Kazi tulikuwa tumegawana. Yeye maji, mimi moto. Alifua, akaanika, akatia wanga wa muhogo, nami nikapiga pasi. Hatukujaaliwa mtoto, na siku nyingi tulikuwa wawili tu uani, yeye akiimba kwa puani, mimi na sigara mdomoni. Sukari ilipotea, mchele ulipotea, lakini tumbaku niliipata. Ikikosekana sigara nilisokota kwenye gazeti. Sikupitisha siku bila moshi.

Pasi zetu zilikuwa za mkaa, za chuma kizito, na mkaa mzuri ni wa vifuu kwa sababu hautoi cheche. Dobi hapimi moto kwa kidole. Huinua pasi na kuisogeza karibu na shavu la uso, na shavu humwambia kama moto ule ni wa kanzu ya pamba au wa hariri. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuunguza nguo ya mtu. Hilo ndilo lilikuwa jina langu mjini, na nililipenda kuliko chakula.

Mguu ulibadilika polepole. Vinyweleo vya muundi vilianza kudondoka, ngozi ikang'aa kama iliyopakwa mafuta, kucha zikawa nene na za njano. Halafu ukaingia ubaridi. Mchana wa kaskazi, jua la kupasua kichwa, mguu wa kulia ni wa baridi kama umetoka kisimani. Nilikuwa nalala nimeuning'iniza kando ya kitanda, maana nikiunyoosha unawaka maumivu. Mwanakombo alikuwa akiukanda kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Alifanya hivyo kila siku baada ya kazi, bila kuambiwa, akiwa amechoka kuliko mimi.

Hospitali nilikwenda. Sitaki mtu adhani sikwenda. Nilikaa kwenye benchi la mbao kuanzia alfajiri, na ilibidi mgonjwa aje na daftari lake la kuandikiwa. Madaftari yalikuwa adimu mwaka ule, kwa hiyo Bwana Gulamali alinikatia kurasa za kalenda ya zamani nikaandikiwa nyuma yake. Mara ya kwanza daktari hakuwapo. Mara ya pili alikuwapo, nikaambiwa ni baridi yabisi, nikapewa vidonge vya kupunguza maumivu. Mara ya tatu vidonge havikuwapo. Wazee tuliokaa nao benchini walinipa dawa zao za kienyeji na majina ya waganga wao, kila mmoja na wake. Tulizoeana mpaka tukawa tunawekeana nafasi. Bibi mmoja wa Mwera aliyekuwa ananihifadhia nafasi, siku moja hakuja, na wiki iliyofuata hakuja, na hakuna aliyeuliza.

Moto wenyewe ulikuja mvua za vuli. Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha, nguo zote tumeziingiza ndani. Mguu ulikuwa umekufa ganzi toka asubuhi. Mwanakombo alitaka kuwasha jiko apashe maji, nikamwambia mkaa wa kuchezea hatuna na pasi bado ina moto. Nikaitoa mezani, nikaiweka kwenye kigoda, uso wake wa kunyooshea ukiwa juu.

"Bado ya moto hiyo," akasema. "Ngoja ipoe kidogo, nami nikutafutie blanketi."

"Weye wanifundisha moto miye?"

"Sikufundishi. Nasema ngoja."

Nikainua pasi nikaisogeza shavuni. Shavu likaniambia ni moto wa hariri, moto mdogo. Nikachukua kanga yake kuukuu, nikaikunja mara mbili, nikaifunika pasi, nikaweka wayo wangu juu yake. Nilisikia raha, lakini raha ile ilikuwa gotini, huko juu ambako damu ilikuwa bado inafika. Wayo wenyewe haukusema kitu. Nikaegemea ukuta, macho yakafumba.

Kilichoniamsha ni harufu. Dobi haikosei harufu ile. "Nguo ya mtu inaungua!" nikapiga kelele, na Mwanakombo akakimbilia mezani, akapangua mashati, akapangua shuka, mimi nikimwelekeza kwa kidole huku nimekaa palepale. Mezani hapakuwa na moto. Ndipo alipogeuka akatazama chini, akaona kanga yake imekuwa nyeusi na wayo wangu umeganda juu yake. Alinishika mguu kwa mikono miwili akaung'oa pale. Mimi bado sikusikia kitu.

Hapo ndipo pa kukuambia wewe unayesoma: mguu wenye baridi usiupashe kwa moto wala kwa maji ya moto. Uvike soksi. Mguu usiopata damu haujui kuungua, na shavu lako, au kiwiko cha mkeo kinachopima maji, hakiwezi kuujulia.

Siku ya tatu kidonda kilianza kunuka, Mwanakombo akanipeleka hospitali kwa toroli la kubebea mizigo. Daktari safari hii alikuwa kijana wa Kishambaa, Mlutheri, amekuja Tanga mwaka uleule. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba. Akafunua mguu, akashika mahali fulani nyuma ya kifundo, akashika na nyuma ya goti, akawa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Mapigo hayapo," akasema. "Mzee, nani aliyekuunguza?"

Wauguzi wawili walikuwa wamesimama. Pazia lilikuwa wazi, na upande wa pili walikaa watu wanaonijua, wateja wangu wengine. Mwanakombo alinitazama. Nakumbuka alinitazama muda wa kutosha mtu kusema neno moja. Mimi nikatazama dari. Nilikuwa nawaza: dobi aliyejiunguza kwa pasi yake mwenyewe, nani atampa kanzu yake?

"Ni mimi, daktari," akasema. "Nilikuwa namkanda."

"Mama, mama," daktari akasema kwa huzuni. "Mguu kama huu haukandwi."

"Sikujua."

Nami nikanyamaza. Nilijua kwa nini ameyasema. Alikuwa analinda jina langu ili tupate kula. Nilijiambia tukifika nyumbani nitamshukuru, na baadaye, watu wakishasahau, nitalirekebisha. Niliona aibu, lakini nafuu niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Nilikaa wodini, vuli ikaisha na kaskazi ikaingia. Bandeji hazikuwapo. Zilizokuwapo zilitumika, zikachemshwa, zikatumika tena, zina rangi ya chai. Mwanakombo hakuvumilia. Alizikusanya za wodi nzima kwenye beseni letu, akazipeleka nyumbani, akazifua kwa majivu, akazianika, akazirudisha zimekunjwa. Mimi kitandani nikawa nakagua mikunjo. Wagonjwa wakawa wanamwita Mama Bandeji. Muuguzi mmoja mzee, Mbondei, alikuwa akimwachia kikombe cha uji cha asubuhi, na yeye hunywa nusu na nusu ananipa mimi. Kama kuna wema niliouona katika ugonjwa wangu, ulikuwa ule. Nauandika ili usidhani hospitali ni mateso matupu.

Lakini weusi wa kuoza ulipanda. Ulianza vidoleni ukapita ule unyayo, ukafika kifundoni. Daktari alikaa kitandani pangu, akaniambia ukiachwa utanichukua mzima. Alinikata chini ya goti wiki ya mwisho kabla ya masika. Mguu ukitolewa, kwetu huzikwa, na hospitali haikuwa na cha kuutilia. Mwanakombo aliupokea kwenye beseni letu la kufulia. Bwana Gulamali alitoa kipande cha bafta, kitambaa cha sanda. Watu watatu walikwenda nao makaburini, na mke wangu alisimama nje ya ukuta mpaka walipomaliza. Hakunisimulia yeye. Gulamali ndiye aliyenisimulia, na hakuweza kumaliza.

Niliporudi nyumbani nilituma salamu Mwera kwa dada yangu mkubwa, Dada Tatu, mjane, aje atusaidie. Alikuja na sanduku na mkeka wake. Ni dada aliyenilea, na kwa mguu wangu alilia kilio cha msiba. Halafu akauliza ilikuwaje. Mwanakombo alikuwa jikoni. Nilifungua mdomo, nikasema, "Ulikuwa moto wa kukandia." Sikusema wa nani.

Ilitosha. Akina mama waliokuja kunijulia hali walisimuliwa mlangoni kabla hawajaingia. "Kamuunguza mumewe," Dada Tatu alikuwa akisema, tena mbele ya Mwanakombo, kama anayetaja hali ya hewa. "Mtoto hakumzalia, na mguu kamtoa." Akina mama wakaguna, wakamtazama mke wangu akipita na beseni kichwani, wakatazama chini. Kisimani walimpisha, si kwa heshima. Mtu mmoja aliwahi kuleta kanzu ya harusi akaniambia kwa upole, "Lakini apige pasi dobi mwenyewe, si mama." Nikaipokea. Nikaipiga pasi nimekaa juu ya kigoda kirefu, na moto wangu ukasifiwa.

"Mume wangu," Mwanakombo aliniuliza siku moja tukiwa wawili, "utasema lini?"

"Nitasema. Acha kwanza dada aondoke."

"Dada yako haondoki."

"Basi acha nipate nguvu."

Hakuuliza mara ya pili. Masika ile ilipokwisha mama yake aliugua, akaenda Kigombe kumuuguza. Mama alikufa, arobaini ikapita, na Mwanakombo hakurudi. Hakudai talaka wala sikumpa. Alituma mtu kuchukua nguo zake, na yule mtu alisema ameambiwa asichukue kitu kingine. Nilijifunza kufua nimekaa. Dada Tatu alisema afadhali. Nilimchukia siku ile, lakini nilikula chakula alichopika.

Kisha mambo yakafunguliwa. Madukani sabuni ikawa ya kila rangi, ya unga, ya mche, ya kunukia. Dawa nazo zikawapo, kwenye maduka mapya yenye vioo, kwa mwenye uwezo. Na mitumba ikaja, na watu wakaona kufulisha nguo waliyoinunua kwa bei ya andazi ni ujinga. Kazi ilipungua nusu, halafu nusu ya nusu. Bwana Gulamali peke yake aliendelea kuleta kanzu. Na sigara, nakiri, zikawa nyingi na nzuri, nikawa navuta kuliko wakati wa dhiki. Daktari alikuwa amenikataza nikiwa kitandani, nikaapa. Sijui niwaeleze vipi. Mtu amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja, mke hayupo, anavuta.

Vuli ya mwaka wa tatu mguu wa kushoto ukaanza ubaridi.

Safari hii niliujua. Nilikwenda hospitali. Nilimkuta daktari yuleyule, ametoka masomoni ng'ambo, ana mvi chache ambazo hakuwa nazo. Alipima mkojo akasema sukari pia ipo, na ndiyo inayoua hisia za wayo. Nikamwuliza kwa nini mimi, na kwa nini tena. Alikuwa na wagonjwa wengi nje, lakini aliweka kalamu chini.

"Mzee, mshipa wa damu una ukuta," akasema. "Moshi na sukari vikiukwaruza, ukuta unapiga mbiu. Unatoa vitu vidogo sana, wenyewe wanaviita kemokini. Kazi yake ni kuita askari wa damu waje kusaidia. Askari wanakuja, wanaingia ndani ya ukuta. Tabu ni kwamba hawatoki. Wakiwa mle ndani nao wanaita wenzao. Ukuta unavimba, njia inakuwa nyembamba, siku moja inafunga."

"Wanakuja kwa wema?"

"Kwa wema kabisa."

"Na dawa ya kuwaambia waondoke?"

"Hatuna bado. Iliyopo ni kuacha kuwaita. Acha sigara."

Niliporudi nyumbani nikamkuta Dada Tatu ametandika mkeka wake sebuleni, mimi ndiye niliyemwita, na hatoki, nikakaa chini nikacheka mpaka akaniuliza kama nina homa.

Sigara niliziacha siku ile, na sijavuta tena. Naandika hilo kwa fahari ndogo niliyobaki nayo. Daktari alikuwa ameniagiza jambo la pili: wayo utazamwe kila siku, chini na kisiginoni, kwa kuwa hautasema ukiumia. Mimi mgongo ulikuwa umekakamaa kwa miaka ya kuinamia meza, na kwa mguu mmoja sikuweza kujikunja niuone. Akaniambia basi nimtafute mtu wa nyumbani mwenye macho mazuri. Nilimwambia yupo.

Dada Tatu aliutazama kila asubuhi. Aliuinua, akautazama, akasema, "Safi, alhamdulillahi." Alikuwa na ukungu machoni, nilijua, maana alikuwa akinipa nimtungie sindano. Lakini kumwambia mtu aliyekulea kwamba haoni si jambo jepesi, na kumtafuta mwenye kuona kulikuwa na maana moja tu, kwenda Kigombe na kusema. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo. Shaaban ikapita. Ramadhani ikaingia, nikajiambia si vizuri kwenda kuzua maneno mwezi mtukufu. Idi ikapita. Baada ya Idi nikaanza kusikia harufu asubuhi, hafifu, nikajiambia ni sabuni mpya.

Siku nilipokwenda nilipanda basi la Pangani na magongo yangu, nikashuka Kigombe mchana. Mwanakombo alikuwa kibarazani kwa kaka yake anasuka ukili wa mkeka. Alikuwa amekonda. Kaka yake, shemeji yangu Bakari, aliniletea kiti, akaniletea maji, akaniuliza habari za Tanga mara tatu kwa kuwa hakujua aulize nini. Nikaona nikichelewa nitarudi nalo tumboni.

"Shemeji, nimekuja na neno," nikasema. "Pasi ile niliiweka mwenyewe. Mwanakombo alinikataza. Hospitali alisema ni yeye ili anifichie aibu, nami nikanyamaza. Nikanyamaza mbele ya dada, na mbele ya watu, mpaka akaondoka. Hakuniunguza. Nilijiunguza."

Bakari alinitazama, akamtazama dada yake.

"Miaka yote hii, shemeji?"

"Yote."

Mwanakombo hakusimamisha mikono. "Ya nini kulisemea huku?" akasema. "Kigombe wanijua mie tangu mdogo, hawana shaka nami. Ilikuwa ulisemee Chumbageni."

"Nitalisemea."

"Haya." Akaweka ukili chini. Pua yake ilikuwa imekunjamana, kama zamani akinusa nguo iliyoanikwa haijakauka. "Vua kiatu."

"Mguu mzima huu. Unatazamwa kila siku."

"Vua."

Alipiga magoti, akanivua mwenyewe, akavuta soksi. Soksi ilikataa kutoka kisiginoni, ikabidi ailoweshe. Akauinua mguu akaugeuzia kwenye mwanga wa uwanjani, akakaa nao hivyo. Nilikuwa nimekuja kuomba macho yake, na macho yake yalikuwa yanaona, nami nikimsoma usoni.

"Nani anautazama?"

"Dada."

"Dada yako haoni." Aliteremsha mguu taratibu, akauweka juu ya kanga yake. "Kisigino chote kimekufa, mume wangu. Kimekwenda mpaka ubavuni. Ungekuja kabla ya mfungo ningekikuta chekundu."

Sikulia. Bakari ndiye aliyeingia ndani na kuchelewa kutoka. Mwanakombo alivaa buibui lake, akachukua kapu, akaniambia basi la kurudi linapita saa tisa.

Walinikata juu ya goti siku ya nne. Safari hii kila kitu kilikuwapo: dawa ya usingizi, uzi, bandeji mpya ndani ya karatasi zake, nyeupe, hazikuhitaji kufuliwa. Daktari aliomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Nililala pale nikiwaza kwamba miaka ya shida walinikata kwa kukosa, na miaka ya neema wamenikata kwa kuchelewa, na uchelewaji ule haukuwa wa hospitali wala wa serikali.

Mwanakombo alirudi nami nyumbani. Sikumwomba, na sikuthubutu kuuliza kama ni msamaha. Siku ya kwanza nilipoweza kukaa barazani, nilitimiza ahadi. Nilimwita Dada Tatu, nikamwita Bwana Gulamali, nikawaita majirani wanne wa karibu, nikasema kama nilivyosema Kigombe, sikuacha neno.

Bwana Gulamali aliinama akanishika mkono. Wengine walitazamana. Dada Tatu alikohoa, akasema, "Hata kama. Angekuzuia." Na jirani mmoja, mama mwema tu, alipokuwa anaondoka nilimsikia akimwambia mwenzake nje ya ua, "Masikini, lazima amsafishe jina mkewe. Ndiye anayembeba chooni."

Ndivyo walivyolipokea, na ndivyo lilivyo mpaka leo. Dada Tatu alifariki bila kubadili maneno. Mke wangu akienda sokoni ni yule aliyemuunguza mumewe, ila sasa husemwa kwa huruma. Mimi nimekaa kwenye kigari cha magurudumu, ukuta wa mishipa yangu bado unapiga mbiu huko ndani, na daktari anasema moyo nao si mzuri. Sina la kukutia moyo zaidi ya hili: mguu ukianza kukuuma njiani usianze kuamkia watu, nenda kaseme. Moshi uache leo. Moto uweke mbali. Na kama huwezi kuuona wayo wako mwenyewe, mtafute mwenye macho, hata akiwa ndiye uliyemkosea, na umtafute kabla hujawa na haja naye.

Jana nilimsomea Mwanakombo karatasi hizi alipokuwa anakunja nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kweli wagonjwa watazisoma. Nikamwambia huenda.

"Basi hapo pa kutazama nyayo pazuri, paache," akasema. "La pasi litoe. Hawatakuamini."